Je, wajua? Hamira isiyoweza kupumua bado huumua mahamri

Unga wa mahamri uliokandwa Lamu jioni kwa tui na iliki huamka alfajiri umefura, kwa kuwa hamira huchachusha sukari na kutoa hewa ya kaboni dioksaidi. Kazi hiyo haitaki oksijeni. Kwa hiyo hata seli ya hamira iliyopoteza kabisa uwezo wa kupumua huumua unga, ila huzaana kwa uchache. Basi ndani yake kimeharibika nini?

Mwaka 1949 mwanasayansi Boris Ephrussi na wenzake, Paris, walieleza kuwa baadhi ya seli, hizo zisizopumua, huzaa koloni (vikundi vya seli) ndogo, na kwamba dawa ya akriflavini huziongeza mno. Kwa hamira nyingi za maabara, hata bila dawa, seli 1 hivi kati ya 100 huwa hivyo.

Chini ya hadubini ya elektroni, ukuta, kiini na vakuoli havitofautiani sana. Tofauti imo katika mitokondria, vifuko vidogo ndani ya seli vinavyofanya kazi ya kupumua. Kwenye seli nzima, yaani isiyo na kasoro, utando wa ndani wa mitokondria umejikunja mikunjo mingi, na humo ndimo zilimo saitokromu, protini zinazopokezana elektroni hadi kwenye oksijeni. Kwenye seli isiyopumua, mitokondria bado zipo, lakini mikunjo ni michache na imevurugika. Saitokromu a, a3 na b hazipo. Saitokromu c hubaki.

Kwa nini c isalimike? Kwa sababu jeni yake imo ndani ya kiini. Kilichopotea, au kukatika vipande vikubwa, ni DNA ya mitokondria yenyewe, inayobeba maelekezo ya saitokromu b na ya sehemu tatu kuu za kimeng'enya kinachotumia oksijeni. Protini nyingine karibu zote huagizwa na kiini, ndiyo maana mfuko wa mitokondria bado hujengwa. Seli haiwezi kuutupa: humo huundwa vishada vya chuma na salfa, ambavyo bila hivyo itakufa.

Hapa wengi hukosea. Glukosi nyingi huzima upumuaji hata kwa hamira nzima, na mitokondria zake hupungua mikunjo. Ukilinganisha seli nzima na zisizopumua zikiwa bado zinakua kwenye glukosi, hutaona tofauti ya kuaminika. Zikuze kwa rafinosi, sukari isiyozima sana upumuaji, au subiri glukosi iishe.

Kuzitambua hakuhitaji mashine ghali, na maabara ya shule Lamu au Malindi inaweza. Kwa lita 1 ya maji: dondoo la hamira gramu 10, peptoni gramu 20, agari gramu 20, glukosi gramu 1 tu na gliserini safi isiyo na manukato mililita 30. Chemsha kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121, dakika 20, kisha mimina sahanini. Panda seli zikiwa zimetawanyika, uziache siku 3 hadi 4 kwenye nyuzi 28 hadi 30. Wakati wa kaskazi, chumba tu kinatosha. Glukosi ikiisha, seli nzima huendelea kula gliserini na koloni zao hunenepa; zisizopumua hukwama zikiwa ndogo. Thibitisha kwa kuhamishia koloni ndogo kwenye sahani ya gliserini pekee: isipoota, haipumui. Glukosi ikizidi mwanzoni, tofauti ya ukubwa wa koloni hupungua na jaribio huwa gumu kusoma.