Mahali Ambapo Dunia Haikuinama

Nafundisha historia ya dini za Asia, lakini swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu halikutoka darasani. Lilitoka kwa kijana wa mtaani kwetu hapa Dar anayefanya karate. "Shikamoo mwalimu. Hivi kwa nini tukiingia dojo tunauinamia ukumbi mtupu? Hakuna sanamu, hakuna mtu, ni mikeka tu."

Nikamwambia akae, maana jibu ni refu na linaanzia India.

Dojo ni neno la Kijapani, lakini Wajapani walilipata kwa Wachina, nao Wachina walilitumia kufasiri neno la Kisanskriti: bodhimanda. Bodhi ni kuzinduka. Manda ni ule utando mnono unaopanda juu ya maziwa au nafaka ikichemka. Mtu wa pwani angesema kasimile, lile tui la kwanza kabla machicha hayajatiwa maji tena. Basi bodhimanda ni kasimile la kuzinduka, na kama mahali, ni pale Siddhartha Gautama alipoketi chini ya mti, Bodh Gaya, jimbo la Bihar, akainuka akiwa Buddha, yaani aliyezinduka. Wachina wakapaita "uwanja wa njia". Jina likahamia kwenye mahekalu, likahamia kumbi za kutafakari, na karne nyingi baadaye likafika hadi kwenye ukumbi wa kurushiana mateke.

Lakini kwa nini pale na si hatua kumi pembeni? Masimulizi ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, yana kisa ninachokipenda sana. Siddhartha alisimama kwanza kusini mwa mti. Dunia ikaelemea: kusini ikazama hadi karibu na jehanamu ya chini kabisa, kaskazini ikapanda juu mbinguni, mithili ya gurudumu la mkokoteni lililolazwa juu ya kitovu chake, kisha mtu akalikanyaga ukingoni. Akahamia magharibi, yakawa yale yale. Kaskazini, yale yale. Mashariki ndiko hakukutikisika. Akatandaza nyasi alizopewa njiani na mkata majani, akaketi.

Wanazuoni hawakuliacha jambo hili kwenye hadithi. Vasubandhu, aliyeishi India karne ya 4 au ya 5, aliupima ulimwengu kama fundi apimavyo kiwanja. Chini kabisa kuna upepo, juu yake maji, na juu ya maji bamba la dhahabu lenye unene wa yojana 320,000. (Yojana ni kipimo cha zamani cha safari, ni kilomita ngapi hasa, wataalamu bado wanabishana.) Juu ya dhahabu hiyo umesimama Mlima Meru, yojana 80,000 ndani ya maji na nyingine 80,000 juu yake, umezungukwa na safu 7 za milima, kisha bahari yenye mabara 4. Sisi binadamu wa kawaida tuko bara la kusini, Jambudvipa. Meru ya Arusha haimo humu, majina yamefanana tu.

Sasa, katikati ya Jambudvipa Vasubandhu anaweka kiti cha almasi, pale pale alipoketi Buddha, na anasema kimekaa juu ya ile dhahabu yenyewe. Wengi hupapita hapa haraka, na mimi ndipo ninapokaa siku nzima na wanafunzi wangu. Tafakuri ya mwisho kabla ya kuzinduka, kwa hesabu yake, ina uzito ambao mahali pengine popote pasingeubeba. Ni hoja ya msingi wa nyumba: mzigo kama ule huuweki juu ya kifusi.

Xuanzang, mtawa Mchina aliyefika Bodh Gaya karne ya 7, alikuta kiti kimefukiwa na mchanga. Wenyeji wakamwonyesha sanamu mbili zilizowekwa kama mipaka, wakamwambia zikizama kabisa ndipo mafundisho ya Buddha yatakapotoweka. Ile ya kusini ilikwisha kuzama hadi kifuani. Wasifu wake unasema alilia.

Kijana akaniuliza kama mti ule ulikuwa na wenyewe, kama mikuyu ya kwetu. Swali la haki, maana ni jamaa wa mkuyu, na hata visa vyenyewe vinamtaja Sujata, mwanamke aliyemletea Siddhartha wali wa maziwa chini ya mti mwingine akidhani ndiye mzimu wa mti. Lakini heshima ya Bodh Gaya haikutokana na mwenye mti. Ilitokana na kitendo. Ndiyo maana sutra (andiko la Kibudha) ya Vimalakirti, iliyofasiriwa kwa Kichina na Kumarajiva mwaka 406, ikathubutu kwenda mbali zaidi: mzee Vimalakirti anaulizwa anatoka wapi, anajibu anatoka bodhimanda, na akibanwa ni wapi huko, anaanza kwa kusema moyo mnyoofu ndio bodhimanda. Ukifika hapo, mikeka ya Kariakoo inatosha.

Mti nao umesafiri. Ule wa Bodh Gaya wa leo ni chipukizi lililopandwa 1881, baada ya mzee wake kuangushwa na dhoruba 1876. Tawi la ule wa kale lilipelekwa Sri Lanka karne ya 3 kabla ya Kristo na Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka. Na Wasinhala, watu wa Sri Lanka, waliokuja Dar es Salaam walijenga hekalu lao Upanga, wakapanda mti wa aina hiyo hiyo.

Jumapili nilimpeleka kijana. Majani yake yana umbo la moyo, na ncha ndefu kama mkia wa panya, yanatetemeka hata hewa ikiwa imetulia. Nilipogeuka kumwonyesha, alikuwa ameshavua viatu.