Umetolewa bresi, riteina nayo ni ya nini? Maswali na majibu

Swali: Nimemaliza miaka 2 na bresi, meno yamenyooka, mbona daktari anasema nivae kitu kingine tena?

Jibu: Manake meno bado hayajatulia. Nyuzi za ufizi zinazoshika jino zimevutika na zinataka kulirudisha pale pa zamani, na zinachukua miezi kadhaa kujipanga upya, zingine ata mwaka na zaidi. Riteina, yaani kile kifaa cha plastiki au waya cha kukaa kwa meno baada ya bresi, inashikilia jino hapo nyuzi zikiendelea kuzoea.

Swali: Mpaka lini?

Jibu: Wengi wanaambiwa mchana na usiku miezi 3 hadi 6, unatoa tu ukikula na ukipiga mswaki, alafu usiku peke yake. Na hio ya usiku haina mwisho, pole. Meno husonga na umri, hasa yale ya mbele ya chini, ata kwa mtu hajawai vaa bresi.

Swali: Si ile ya waya wa kugundishwa nyuma ya meno ndo poa basi?

Jibu: Huwezi isahau kwa nyumba, hio ni kweli. Lakini ugaga unaipenda, lazima upitishe uzi wa meno chini ya waya. Alafu mahindi choma na miwa usiume na meno ya mbele, gundi ikiachia kwa jino moja tu hutasikia uchungu wowote, jino linaanza kuzunguka polepole, so pitisha ulimi hapo nyuma kila siku.

Swali: Ya plastiki inaoshwa aje?

Jibu: Maji baridi, mswaki laini, sabuni kidogo ya vyombo. Maji moto inaikunja, kwa hivyo chai ukiwa nayo mdomoni hapana, soda pia hapana, sukari inajifungia hapo kwa jino. Na usiifunge na tishu! Unakula kwa kibanda, unaiweka kando ya sahani, yule wa kufuta meza anabeba kila kitu, unabaki kuchakura takataka. Tembea na kikopo chake. Kama kuna mbwa nyumbani ficha, wanazitafuna.

Swali: Nimeacha wiki kadhaa, sasa inabana.

Jibu: Kama inaingia yote, rudi kuivaa mchana na usiku na umpigie daktari. Ikikataa kuingia usilazimishe, enda kliniki hiyo wiki na uibebe vile iko, ata kama imevunjika. Ukikawia sana dawa inaweza kuwa bresi tena, na bei unaijua.