Kuahirisha hitilafu ya ndege si kuifumbia macho

Ndege ikichelewa Entebbe na abiria wakasikia kuna kifaa "kimeahirishwa", yaani kutengenezwa kwake kumesogezwa mbele, maneno ni yale yale: wanatupandisha ndege mbovu. Abiria wana haki ya kuuliza. Kinachoudhi ni kusikia wazo hilo hilo kwa mafundi vijana waliosomea kazi hii Soroti, wanaoamini kwamba kuahirisha ni kuandika mstari mmoja kwenye logi, kusaini, na kuwaachia wa zamu ijayo.

Hakuna hitilafu inayofuatiliwa kwa karibu kama iliyoahirishwa ipasavyo. Mtengenezaji huandaa orodha mama ya vifaa ambavyo ndege inaweza kuruka navyo vikiwa vibovu, mamlaka ya nchi iliyoidhinisha aina hiyo ya ndege huipitisha, kisha mwendeshaji hutunga MEL, yaani orodha yake mwenyewe ya aina hiyo, na kuipeleka UCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uganda, iidhinishwe. Anaweza kujibana kuliko orodha mama. Kujilegezea hawezi.

Tuseme riversa ya injini ya kushoto, kifaa kinachogeuza msukumo ili ndege ipunguze mwendo ikitua, imegoma. Kabla ya kusaini chochote, soma kipengele chote, si namba yake tu. Ukiona herufi M, kuna kazi ya fundi: riversa inazimwa na kufungwa kwa pini ikiwa imekunjwa, isije ikafunguka angani. Ukiona O, kuna kazi ya marubani: wanapiga upya hesabu ya umbali wa kusimama, hasa barabara ya kutua ikiwa imelowa. Entebbe kuna mita 3,658 za kutua. Wanakokwenda huenda hakuna hata nusu yake. Kisha kibandiko kinawekwa chumba cha marubani, penye kidhibiti chenyewe. Kwenye logi yanaingia dalili, namba ya kipengele cha MEL, kundi, tarehe ya mwisho, sahihi na namba ya leseni, na hitilafu inahamishiwa kwenye orodha ya zilizoahirishwa. Kazi ya M ikirukwa, hapo hakuna kilichoahirishwa. Kuna ndege iliyoruka kinyume cha sheria, basi.

Siku za kutengeneza hitilafu nazo zinahesabiwa vibaya kila mara. Kundi B lina siku 3, C siku 10, D siku 120, na A lina muda wake ulioandikwa kwenye kipengele chenyewe. Siku hitilafu ilipoandikwa haihesabiwi. Ya kundi C iliyoandikwa tarehe 5 Aprili inakwisha usiku wa manane tarehe 15. Kama logi yenu inaandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kumbuka kwamba saa saba usiku ya tarehe 6 hapa Uganda, kwenye logi bado ni tarehe 5. Nimeona hoja nzito zikijengwa juu ya saa hizo tatu.

Na siku 10 ni kikomo, hazikuwekwa ili mtu azimalize. Spea nyingi zinatoka ng'ambo, zinapita forodha, na wakati mwingine hufika zisizo zenyewe. Agiza siku ile ile, ukiwa umesoma namba ya kipuri kwenye kifaa kilichopo mbele yako. Usiinakili kutoka karatasi ya zamani. Kibaya kuliko vyote ni mchezo wa kuifunga hitilafu siku ya kumi kwa maneno "imepimwa ardhini, iko sawa", kisha kuifungua kesho yake kama mpya ili hesabu ianze upya. Huo ni udanganyifu, tena unafuta alama pekee ambayo ingemwonyesha fundi anayefuata kwamba kasoro hii inajirudia. Muda ukihitaji kuongezwa, upo utaratibu ulioidhinishwa. Fundi hajiongezei mwenyewe.

Dhana nyingine: kisichotajwa kwenye MEL si muhimu. Ni kinyume kabisa. Mabawa na usukani havimo kwa sababu lazima viwe sawa wakati wote. Kifaa kinachogusa usalama wa kuruka kikikosekana kwenye orodha, ndege haitoki hadi kitengenezwe.

Wengine husema MEL ikiruhusu, kapteni hana la kusema. Analo, na neno lake ndilo la mwisho. Rada ya hali ya hewa inaweza kuahirishwa ikiwa njiani hakutarajiwi radi. Sasa niambie ni usiku gani wa Aprili Ziwa Victoria linatoa ahadi hiyo. APU, injini ndogo ya mkiani, ikiwa mbovu inaweza kuvumilika hadi Nairobi, ambako kuna umeme na hewa ya kuwashia injini, lakini safari ya Mumbai juu ya bahari kwa ndege ya injini mbili ina masharti mengine. Hitilafu mbili zilizoruhusiwa kila moja peke yake huenda zisivumilike pamoja, na orodha haiwezi kutabiri kila mchanganyiko.

Mbonyeo ulioachwa na kalooli, yule korongo mkubwa, aliyegonga ukingo wa bawa nao si wa MEL. Pima kina na upana, kisha linganisha na kitabu cha mtengenezaji cha matengenezo ya muundo wa ndege. Ukizidi kipimo, ndege inasimama.

Halafu lipo lile la "tutaandika tukifika nyumbani". Hitilafu inaandikwa mwisho wa safari ilipotokea, hata kama uwanja hauna fundi na marubani wanataka kulala Entebbe. Isipoandikwa, safari inayofuata inaanza bila mtu yeyote kuipima kwa MEL. Marubani, andikeni dalili na mtuachie sisi kutafuta chanzo. "Redio mbovu" haimsaidii mtu. "VHF 2 (redio ya pili): tunasikia, hatusikiki, ilianza futi 24,000 tukishuka, kubadilisha maiki hakukusaidia" inampeleka fundi moja kwa moja kwenye upande wa kurusha sauti, na huenda ndege ikapona usiku huo huo bila kuahirishwa chochote.