Kuhamisha sehemu ya fidla: maana yake na inavyofanywa

Kuhamisha sehemu ni kuzipanga upya noti za ala moja ili ala nyingine izipige na wimbo ubaki na sura yake. Katika taarabu ya Amu jambo hili si geni: harusi imefika, mpiga fidla hayupo, waliobaki ni udi, akodiani na ngoma ya dumbaki. Nani atamjibu mwimbaji?

Kwanza tazama kazi ya fidla katika wimbo huo. Inaongoza utangulizi, inajibu kila mshororo, au inashikilia sauti ndefu chini ya maneno? Majibu mafupi huhama kwa urahisi. Sauti ndefu ndizo zinazosumbua.

Tuseme zinakwenda kwa udi. Katika tyuni ya Kiarabu iliyozoeleka, jozi yake nyembamba kabisa ya nyuzi ni do ya kati, na pale shingo inapokutana na tumbo ni sol ya juu yake. Kupita hapo mkono unabanwa na sauti inakauka, ilhali fidla huimba kwa raha oktava nzima (kutoka do hadi do inayofuata) zaidi. Basi shusha oktava moja. Kosa linalorudiwa ni kushusha zile noti zisizofikika tu: wimbo unaruka katikati ya mshororo, na msikilizaji anadhani mpigaji amepotea. Shusha kifungu kizima, kutoka pumzi hadi pumzi. Hapo udi utakuwa umeingia eneo la sauti ya mwimbaji mwanamume, kwa hiyo punguza noti zinazogongana na maneno.

Halafu kuna upinde. Fidla hushika noti mapigo manne na hata kuikoleza njiani. Uzi wa udi huanza kufifia mara tu risha, kile kipande cha kupigia nyuzi, inapouacha. Dawa ni mrindimo, risha ikienda chini na juu kwa kasi, lakini kwa noti ndefu peke yake, la sivyo wimbo wote hutetemeka kama mwenye homa. Njia nyingine, na mara nyingi bora, ni kuigawa noti ile kwa mapigo ya dumbaki.

Akodiani haina shida ya pumzi. Shida yake ni vitufe. Bayati ya re, yaani makamu (mpangilio wa noti wa Kiarabu) inayoanzia re, inataka noti iliyo kati ya mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu toni) na mi, na kitufe hicho hakipo. Ukipiga mi bemoli umeingia makamu nyingine, Kurdi. Mwachie mpiga udi noti hiyo, akodiani ipite kwenye re, fa na sol. Kinanda cha umeme chenye uwezo wa kutoa noti hiyo hushushwa mi kwa senti 50, yaani robo toni. Kuirudisha kabla ya wimbo unaofuata ndiko kunakosahauliwa.

Sehemu ikienda kwa klarineti ya si bemoli, ambayo hulia toni moja chini ya noti iliyoandikwa, iandikiwe toni moja juu: re iwe mi.

Jaribuni polepole, ala na mwimbaji tu, kabla dumbaki haijaingia. Ngoma huficha noti mbovu.