Kuchanja ndui hakukuanza na Jenner

Wengi huamini kuchanja ndui kulianza mwaka 1796, daktari Mwingereza Edward Jenner alipomchanja mtoto kwa usaha wa ndui ya ng'ombe. Si kweli. Njia yake ilikuwa salama zaidi, ila haikuwa ya kwanza.

Lady Mary Wortley Montagu, binti wa lodi na mke wa balozi wa Uingereza nchini Uturuki, mwenyewe aliachiwa makovu na ndui. Mwaka 1717 aliandika kutoka Edirne, Uturuki: bibi mzee huja na ganda la kokwa lenye usaha wa ndui, huchoma mshipa kwa sindano, hutia usaha kidogo unaokaa kwenye kichwa cha sindano hiyo, kisha hufunga kidonda.

Mwanawe alichanjwa mwaka 1718, bintiye mwaka 1721 jijini London. Wala si yeye aliyeivumbua njia hii. Alijifunza kwa mabibi wale, na inaniuma kwamba barua ile haikuwataja majina.