Vyuma Haviui Pumzi

Tena nimeletewa mnyanyua vyuma aliyeacha jimu ghafla kwa sababu anajiandaa na triathloni yake ya kwanza, yaani shindano la kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo. Ameambiwa misuli inakula pumzi, yaani ustahimilivu wa kwenda mbali bila kuchoka. Nimechoka kulisikia hili, maana wanaoliamini hunijia wakiwa wamepoteza nguvu walizojenga kwa miaka, na pumzi yenyewe hawajaipata.

Waliosoma kidogo hunitajia utafiti wa mwanasayansi wa mazoezi Robert Hickson wa mwaka 1980. Jamani, usomeni hadi mwisho! Aliwapa watu vyuma siku 5 kwa wiki na mazoezi ya pumzi siku 6, kwa wiki 10. Pumzi yao ilipanda kama ya wenzao waliofanya mazoezi ya pumzi peke yake. Kilichokwama wiki za mwisho ni nguvu. Kwa hiyo pumzi ndiyo iliyovibana vyuma, na hata hivyo kwa ratiba ambayo simpi mtu mwenye kazi na familia.

Basi usiache, punguza. Siku 2 kwa wiki, uzito mkubwa, seti za mara 3 hadi 5, na uishie ukiwa bado unaweza kunyanyua mara mbili zaidi. Seti ndefu za kujaza misuli ziweke kando, kwani kila kilo utakayoongeza utakimbia nayo.

Anza na umbali mfupi: mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli, 5 za mbio. Baiskeli haitakusumbua sana, mapaja ya skwati (kuchuchumaa na kuinuka na vyuma mabegani) yanaijua kazi hiyo. Jifunze tu kukanyaga gia nyepesi kwa haraka.

Majini, ubabe hausaidii. Maji ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa, na kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka mara nne. Wengi hudhani wanazama kwa sababu ya misuli, kumbe mabega yamekaza, vifundo vya miguu havinyooki, na kichwa kinainuliwa kutafuta hewa. Kichwa kikipanda, nyonga zinashuka. Tazama chini, toa pumzi ndani ya maji, jigeuze ubavu uvute hewa. Kwa walio Dar: pale ufukwe wa Coco subirini maji yajae, na msiingie peke yenu.

Mbio ndizo zinazonitia hofu. Moyo huzoea kwa wiki chache, lakini kano ya kisigino na mfupa wa ugoko huhitaji miezi. Mguu unapotua hupokea zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili, na hapa tunaongelea mtu wa kilo 95. Pumzi itamruhusu kwenda mbali kabla miguu haijawa tayari. Akimbie polepole kiasi cha kuweza kusema sentensi nzima, hata kama kwake hayo hayafanani na mazoezi.

Jambo moja bado linanitatiza: skwati na mbio ziwe siku moja au mbalimbali? Wapo wanaostawi wakikimbia asubuhi na kunyanyua jioni, kesho yake wakapumzika kabisa. Wengine magoti hugoma. Siwezi kumtambua nani ni nani kwa kumtazama, kwa hiyo naanza na siku mbalimbali, kisha kila asubuhi namuuliza ameshukaje ngazi.