Tovuti inayokaa kwenye simu kama programu: faida zake kwa biashara na kwa mtumiaji

Mfanyabiashara anapokuja kuomba ushauri wa kuingia mtandaoni, swali lake la kwanza huwa lile lile: nitengeneze tovuti au programu ya simu? Ana haki ya kuuliza, maana kwa miaka mingi ilibidi uchague moja. Tovuti humfungukia yeyote mwenye kiungo, ila mtandao ukikatika unabaki na ukurasa mweupe. Programu ina aikoni yake kwenye simu na hutuma arifa, lakini sharti mtu aende kwanza kwenye duka la programu, aipakue, na simu iwe na nafasi. Nafasi yenyewe ndiyo adimu. Ni wachache watakaofuta picha za watoto wao ili waweke programu ya duka wanaloliingia mara moja kwa mwezi.

Ipo njia ya tatu. Mwaka 2015 mhandisi Alex Russell na mbunifu Frances Berriman waliipa jina la Kiingereza Progressive Web App, kwa kifupi PWA, yaani programu ya wavuti inayojiongezea uwezo hatua kwa hatua. Huanza kama ukurasa wa kawaida. Mwenye simu ya zamani anaona tovuti tu, na inamfaa. Mwenye kivinjari kipya anaweza kuibandika kwenye skrini ya mwanzo, akaifungua ikajaza skrini nzima, ikamletea arifa, na mara nyingine ikaendelea kufanya kazi mtandao ukiwa umekatika. Wazo lenyewe si geni. iPhone ilipotoka katikati ya mwaka 2007 haikuwa na duka la programu, na Apple iliwaambia waandishi wa programu watengeneze kazi zao ndani ya kivinjari. Waliguna, na mwaka uliofuata duka likafunguliwa.

Kilichobadilika tangu wakati huo ni kipande kimoja cha msimbo, kiitwacho kwa Kiingereza service worker. Kichukulie kama karani aliyekaa mlangoni, kati ya ukurasa na mtandao. Ukurasa unapohitaji picha, maandishi au orodha ya bidhaa, ombi halikimbilii moja kwa moja kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Linapita kwanza kwa karani. Yeye anafungua kabati lake. Nembo, rangi, vitufe na kila kisichobadilika alishakiweka akiba siku ya kwanza, kwa hiyo anakitoa hapo hapo bila kugusa kifurushi chako cha data. Kinachobadilika, kama bei au idadi ya bidhaa zilizobaki, ndicho anachokifuata kwenye seva. Mtandao ukiwa haupo, anatoa alicho nacho na kukuambia ni cha lini, mradi mwandishi wa programu alimfundisha kufanya hivyo. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: karani asiyefundishwa vizuri anaweza kukupa bei za juzi kana kwamba ni za leo.

Kivinjari cha Chrome kilimpokea karani huyu mwanzoni mwa 2015 na Firefox mwaka uliofuata, lakini Safari, kivinjari cha simu za iPhone, kilichelewa hadi 2018. Kwa kuwa anaona kila ombi linalopita, vivinjari humkubali tu pale tovuti inapotumia mawasiliano yaliyosimbwa, yaani yasiyosomeka na mtu wa kati, yale ya anwani inayoanza na https. Pamoja naye kuna faili dogo linaloieleza simu jina la programu, aikoni yake na ukurasa wa kuanzia. Vifaa ni hivyo tu.

Kwa biashara, faida inayoonekana haraka ni kuandika msimbo mmoja badala ya miwili au mitatu. Kosa likigundulika asubuhi, linasahihishwa kwenye seva, na mteja akifungua tena anapata toleo jipya bila kusubiri ukaguzi wa duka. Kiungo kinatumwa kwenye ujumbe au kuchapishwa kama msimbo wa QR, na kurasa zake zinaonekana kwenye injini za utafutaji.

Faida ya kukwepa kamisheni ya maduka hutajwa sana, mara nyingi kwa kutia chumvi. Maduka makubwa mawili kwa kawaida hukata asilimia 15 hadi 30, lakini makato hayo yanahusu bidhaa za kidijitali: usajili wa gazeti, muziki, vitu vya ndani ya michezo. Anayeuza viatu au tiketi za basi hakatwi hata akiwa na programu dukani. Gazeti la Financial Times, ambalo huuza usajili, lilikuwa na sababu halisi. Mwaka 2011 lilihamia kwenye programu ya wavuti na kuondoka kwenye duka la Apple baada ya kutokubaliana kuhusu mapato na taarifa za wasomaji.

Takwimu zipo. Twitter (sasa X) ilipotoa toleo lake jepesi la wavuti mwaka 2017, ilisema kurasa zinazofunguliwa katika kila ziara ziliongezeka kwa asilimia 65 na ujumbe unaotumwa kwa asilimia 75. Programu hiyo haikufika megabaiti moja. Pinterest, mtandao wa kukusanya na kushiriki picha, nayo iliripoti kwamba toleo lake jipya la wavuti lilianza na takriban kilobaiti 150, wakati programu yake ya Android ilikuwa megabaiti 9.6 na ya iPhone megabaiti 56. Ushauri wangu ni kuzisoma takwimu hizi kwa tahadhari. Zimetolewa na kampuni zenyewe, na kampuni hizo hazikubandika tu aikoni. Ziliandika upya tovuti zilizokuwa nzito. Ukichukua tovuti inayojikokota ukaifanya iwekeke kwenye skrini ya mwanzo, utakuwa na tovuti inayojikokota yenye aikoni.

Mtumiaji naye anaokoa nafasi na data, jambo kubwa kwa mwenye simu ya bei nafuu. Anapata pia kinga fulani, kwani programu ya wavuti hufanya kazi ndani ya mipaka ya kivinjari. Kamera na mahali ulipo hupatikana kwa idhini yako tu, na orodha nzima ya majina kwenye simu haiwezi kuzolewa kimyakimya. Akiichoka, anaiondoa.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wauzaji wa teknolojia hii hawalisemi. Kwa kuwa hakuna duka, hakuna mkaguzi. Na ikishawekwa kwenye skrini ya mwanzo, upau wa anwani hutoweka, kwa hiyo huoni tena uko kwenye tovuti ya nani. Mwaka 2024 kampuni ya usalama ya ESET ilieleza namna matapeli walivyotumia mwanya huo kuwalenga wateja wa benki, wengi wao katika Jamhuri ya Cheki, kwa programu za wavuti zilizofanana na za benki yao. Kwa hiyo anwani isome kabla ya kusakinisha, kwa sababu baadaye haitaonekana. Na kama kiungo kimekuja kwa ujumbe usioutarajia, usikitumie. Andika mwenyewe anwani unayoijua.

iPhone bado ina mipaka mingi kuliko Android. Arifa za programu hizi ziliruhusiwa kwenye iPhone Machi 2023 tu, na hadi sasa hufanya kazi pale tu mtumiaji anapokuwa ameiweka programu kwenye skrini ya mwanzo. Safari pia inaweza kufuta akiba ya tovuti usiyoigusa kwa siku saba za matumizi ya kivinjari, ingawa iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo husamehewa. Mapema mwaka 2024 Apple ilitangaza kuziondoa programu hizi kwa watumiaji wa Umoja wa Ulaya, kisha ikabadili uamuzi baada ya kelele za wiki chache. Anayekwepa duka, basi, bado anamtegemea mwenye kivinjari. Na kwa kazi kama michezo mizito, au kufuatilia safari huku skrini ikiwa imezimwa, programu ya kawaida bado haina mshindani.

Unaweza kuipima mwenyewe kabla ya kulipa mtu akutengenezee, au kabla ya kukubali aliyokutengenezea. Kwenye Android fungua menyu ya kivinjari uchague kuisakinisha. Kwenye iPhone gusa kitufe cha kushiriki, kisha chagua kuiongeza kwenye skrini ya mwanzo. Ifungue mara moja, pitia kurasa chache, uifunge. Washa hali ya ndege, kisha gusa aikoni. Ikionekana orodha uliyoipitia ikiwa na tarehe yake, karani amefundishwa. Ukipata ukurasa mweupe, umeuziwa alamisho, yaani kiungo kilichohifadhiwa tu, yenye picha nzuri, na fundi ana kazi ya kumalizia.